Uzamili wa fizikia bila tasnifu: saa zinakokwenda na alama zinakopotelea

Ratiba ya uzamili wa fizikia wa masomo ya darasani hudanganya macho. Kozi tatu kwa muhula, kila moja vipindi vitatu au vinne kwa wiki, basi. Mtu aliyezoea kazi ya kutwa akiitazama huona siku nzima zimebaki tupu. Lakini kipindi cha darasani ndicho sehemu ndogo kabisa ya kozi. Kozi yenyewe imo kwenye karatasi ya maswali inayotolewa kila wiki, na karatasi hiyo haina huruma na ratiba ya mtu.

Hesabu ianzie kwenye krediti, kipimo cha uzito wa kozi. Katika ECTS, mfumo wa kuhesabu krediti za vyuo unaotumika Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Uingereza, uzamili wa mwaka mmoja huwa wa krediti 180, kila moja ikihesabiwa saa 10, jumla saa 1,800. Marekani programu nyingi zisizo na tasnifu hudai krediti zipatazo 30, yaani kozi kama kumi za krediti tatu tatu, na krediti yao haimaanishi kitu kile kile. Tuchukue kozi ya krediti 10 za ECTS: angalau saa 250. Zigawe kwa wiki 14 za muhula, utapata karibu saa 18 kwa wiki. Ukitoa saa nne za mihadhara, 14 zimebaki kwako na karatasi yako. Kozi tatu za namna hiyo ni saa 54 kwa wiki kabla hujafua nguo wala kulala. Kwa hiyo anayefanya kazi ya kutwa achukue kozi moja kwa muhula. Mbili zinawezekana tu ikiwa ya pili ni nyepesi, mfano semina au kozi ya programu za kompyuta ambayo mambo yake anayajua tayari.

Nguzo ni nne karibu kila mahali: mekanika ya kale kwa njia za Lagrange na Hamilton (zinazoanzia kwenye nishati badala ya nguvu), elektrodinamiki (umeme na sumaku), mekanika ya kwanta (fizikia ya atomu na chembe ndogo) na mekanika ya takwimu (tabia ya mifumo yenye chembe nyingi mno). Kozi ya mbinu za hisabati huambatana nazo, ama kama sharti ama kama msaada. Mpangilio una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mekanika ya kale ikitangulia kwanta au kwenda nayo sambamba, mabano ya Poisson na Hamiltoniani, yaani fankisheni ya nishati ya mfumo, yanakuwa yamezoeleka kabla hayajavaa kofia mpya. Elektrodinamiki ndiyo inayokula saa nyingi zaidi, na si kwa sababu ya fizikia yake. Milinganyo ya Maxwell umeijua tangu shahada ya kwanza. Inayokula saa ni masharti ya mpakani, polinomia za Legendre, fankisheni za Bessel (majibu yanayojitokeza kwenye maumbo ya tufe na silinda) na integrali ndefu zinazozaa makosa ya ishara. Usiiweke muhula mmoja na kozi nyingine ya aina hiyo kama una hiari. Mekanika ya takwimu hujifanya rahisi wiki nne za mwanzo, halafu inapofika kwenye gesi za kwanta na mabadiliko ya awamu inageuka mnyama mwingine.

Kozi za hiari zina mtego wake: nyingi hufundishwa mwaka mmoja na kuruka wa pili. Anayesoma kwa muda nusu akiikosa nadharia ya uga wa kwanta au uhusianifu wa jumla (nadharia ya Einstein ya mvutano) katika mwaka wake, huenda akasubiri miezi 24. Dawa ni kupanga kinyumenyume. Andika kozi ya mwisho unayoitaka, uliza itafundishwa muhula gani, kisha rudi nyuma: nadharia ya uga inadai mihula miwili ya kwanta pamoja na uhusianifu maalumu ulioshikwa vizuri, na kwanta ya pili inadai ya kwanza. Mara nyingi utagundua kwamba uamuzi wa muhula wa kwanza ndio umefunga au umefungua mlango wa muhula wa nne.

Kabla hata ya kujiandikisha, kaa na karatasi tupu kwa saa moja na nusu bila kitabu wala simu, ufanye mambo saba. Thibitisha kwamba integrali ya e^(−ax²) kutoka −∞ hadi +∞ ni √(π/a). Pata integrali ya 1/(x²+1) katika mipaka hiyo hiyo kwa njia ya namba changamano. Jibu ni π. Geuza Gausiani, yaani hiyo e^(−ax²), kwa mgeuzo wa Fourier na uonyeshe kwamba inabaki Gausiani. Tafuta aigenivalyu na aigenivekta za matriksi ya Hermite ya 2×2. Tatua mtetemo wenye ukinzani, hali zote tatu. Panua √(1+x) hadi mpangilio wa pili: 1 + x/2 − x²/8. Mwisho, tenganisha vigeu vya mlinganyo wa Laplace katika viwianishi vya tufe. Ukishindwa moja, hilo ni kutu tu. Ukishindwa matatu, tenga wiki sita za mazoezi ya hisabati kabla muhula haujaanza, kwa sababu muhula ukishaanza hakuna atakayekupa hizo wiki. Waliotoka uhandisi mara nyingi hukwama kwenye namba changamano na aljebra ya linea ya kufikirika. Waliokaa miaka bila kusoma hukwama kwenye mwendo. Wanajua njia, ila swali la dakika 20 linawachukua saa mbili.

Sasa wiki yenyewe. Karatasi ikitoka Jumatatu, isome yote Jumatatu, hata kama hutaandika kitu. Kwa kila swali jiulize mambo mawili: nini kinatafutwa, na kuna ulinganifu gani. Jumanne na Jumatano fanya kadiri uwezavyo peke yako, na pale unapokwama andika sentensi moja inayosema umekwama wapi: "sijui kwa nini neno hili linafutika kwenye r kubwa." Sentensi hiyo ndiyo unayoipeleka kwa mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi. Anayefika na "sijaelewa swali la tatu" huondoka na muhtasari wa mhadhara aliokwisha kuusikia. Anayefika na ukurasa wenye mshale mahali pa kukwama huondoka na jibu baada ya dakika tano. Kundi la kusomea likutane Alhamisi, kila mmoja akiwa na jaribio lake mkononi. Kundi linalokutana kabla ya majaribio hugeuka mtu mmoja anayefanya na watatu wanaonakili, na wale watatu hulipia kwenye chumba cha mtihani. Hali ni hiyo hiyo kwa majibu yaliyochotwa mtandaoni au kuulizwa programu ya akili bandia. Jibu la kuazima linaonekana limeeleweka, kwa kuwa kila mstari unafuata uliotangulia. Ambacho hukukijenga ni uwezo wa kuujua mstari wa kwanza.

Zoezi likirudi limesahihishwa, lifanye upya swali ulilokosa, kwenye karatasi safi, ndani ya siku mbili. Wengi hutazama alama, hukunja karatasi na kuendelea. Kosa lile lile hurudi muhula mzima.

Na makosa yenyewe si ya ajabu. Mengi ni ya desturi za uandishi: kitabu kimoja kinatumia hivi, mhadhiri vile. Elektrodinamiki ina mifumo miwili ya vipimo, wa SI na wa Gauss. Katika ule wa Gauss, 1/(4πε₀) haipo kwenye sheria ya Coulomb, uga wa umeme na uga sumaku vina vipimo sawa, na c, kasi ya mwanga, inajitokeza ndani ya nguvu ya Lorentz (nguvu ya uga juu ya chaji). Ukichanganya fomula ya mfumo mmoja na nyingine ya mfumo wa pili, jibu linatoka na vipimo vibovu au, vibaya zaidi, linatoka sahihi isipokuwa 4π imepotea njiani. Kipimo kizuri ni kiwango cha muundo mwembamba, namba tupu inayopima nguvu ya umeme kati ya chembe: kwa Gauss ni e²/ħc, kwa SI ni e²/(4πε₀ħc), na vyote ni karibu 1/137. Kwenye uhusianifu kuna ishara za metriki, kanuni ya kupima umbali katika nafasi na wakati: wengine huandika (+,−,−,−), wengine (−,+,+,+), na mraba wa momenta-nne (nishati na momenta pamoja) unabadilika ishara kutokana na hilo peke yake. Fourier nayo ina 2π inayohamahama kati ya kwenda na kurudi. Mwanzo wa kila daftari la kozi, ukurasa wa kwanza, andika desturi zinazotumika humo. Ukurasa huo utafunguliwa kuliko mwingine wowote.

Kisha yapo makosa ya fizikia yanayojirudia kila mwaka katika kila darasa. Chaji q iko umbali d kutoka bamba tambarare la kipitishi lililounganishwa na ardhi. Kila mtu anajua kuweka chaji ya taswira −q upande wa pili, na nguvu inatoka sawa. Nishati ndiyo inayokosewa. Wengi huandika −q²/(8πε₀d), nishati ya chaji mbili za kweli zilizo umbali wa 2d. Jibu ni nusu yake, −q²/(16πε₀d), kwa kuwa nyuma ya bamba hakuna uga wowote. Nusu ya nafasi iliyohesabiwa haipo. Njia nyingine ya kuliona ni kwamba ukisogeza chaji kutoka mbali, taswira inasogea yenyewe bila wewe kuifanyia kazi. Swali hilo hilo likihamia kwenye tufe la nusu kipenyo R, taswira ni −qR/d na iko R²/d kutoka kitovuni, d sasa ikipimwa kutoka kitovuni. Ukiifanya R kuwa kubwa mno huku chaji ikibaki karibu na uso, lazima irudi hali ya bamba tambarare. Isiporudi, kuna kosa, na umelijua bila kuangalia majibu.

Kwenye kwanta, mahali pa kuteleza ni nadharia ya patabesheni, yaani hesabu ya usumbufu mdogo, kwa hali zenye nishati sawa. Hidrojeni kwenye uga wa umeme, n = 2: ukiacha spini kuna hali nne, 2s moja na 2p tatu, zote na nishati moja. Anayekimbilia fomula ya kawaida huona thamani ya wastani ya kila hali ni sifuri na kuandika kwamba hakuna badiliko la mpangilio wa kwanza. Akisonga mpangilio wa pili, anagawa kwa sifuri. Inatakiwa kuandika matriksi ya 4×4 ya usumbufu ndani ya hali hizo nne na kuiweka katika ulalo. Ulinganifu unafuta karibu vyote: ni 2s na 2p yenye m = 0 tu zinazoungana. Nishati mbili zinahama kwa ±3eEa₀, E ikiwa ukubwa wa uga na a₀ nusu kipenyo cha Bohr, na mbili hazihami. Kinachofunzwa hapo ni mpangilio wa kufikiri: hesabu kwanza hali zenye nishati sawa, tumia ulinganifu, ndipo ushike integrali. Anayeanza na integrali hufanya kumi na sita ambapo moja ingetosha.

Mekanika ya takwimu ina 1/N! yake, kigawo cha chembe N zisizotofautishika. Ukiisahau, entropia haiongezeki kwa uwiano na ukubwa wa mfumo, na ukiondoa kizuizi kati ya masanduku mawili yanayofanana ya gesi moja, kila moja na chembe N, karatasi yako itadai entropia imepanda kwa 2Nk ln 2, k ikiwa kiwango cha Boltzmann, wakati hakuna kilichobadilika. Kosa la pili ni la gesi ya Bose, ambayo chembe zake nyingi zinaweza kukaa hali moja: jumla ya hali inageuzwa integrali, na kwa kuwa msongamano wa hali unafuata √E, E sasa ikiwa nishati, katika nafasi ya vipimo vitatu, hali ya chini kabisa inapewa uzito wa sifuri. Chembe zinaonekana kupotea. Zimo mle mle kwenye hali hiyo, na inabidi ihesabiwe peke yake. Swali la mtihani linalopendwa ni kwa nini gesi huru ya Bose katika nafasi ya vipimo viwili hairundiki hivyo kwenye hali ya chini: msongamano wa hali ni thabiti, integrali haina kikomo μ (potensheli ya kemia) inapokaribia sifuri, hivyo daima kuna nafasi juu kwa chembe zote.

Ukaguzi wa jibu uwe tabia: vipimo, hali za mwisho, ulinganifu, ishara. Sekunde 90 kwa swali. Kwenye mtihani wa saa tatu wenye maswali manne una dakika 45 kwa kila moja, na mgawo ninaouona unafaa ni tano za kusoma na kuchora, thelathini na tano za kazi, tano za ukaguzi. Ukiona jibu lina vipimo vibovu na hujui kosa liko wapi, andika hivyo waziwazi, kwamba kwa d kubwa nguvu ilipaswa kwenda sifuri na yako haiendi. Wasahihishaji wengi hutoa alama kwa hilo. Hakuna anayetoa alama kwa jibu bovu lililopigiwa mstari mara mbili.

Baadhi ya programu hufunga na mtihani mmoja mpana wa nguzo zote nne. Kwa huo, maswali ya mitihani ya nyuma ni hazina kuliko kitabu chochote. Fanya seti moja kila wiki kwa saa ya ukutani, kuanzia miezi mitatu kabla. Kusoma upya sura nzima nzima kunatuliza moyo tu.

Mahali pa tasnifu, kwa kawaida huwekwa mradi mfupi au kozi ya maabara ya juu. Hapa ndipo wanafunzi wa darasani hujidhulumu, wakichagua kitu chepesi ili kimalizike. Mradi wa hesabu za kompyuta unaweza kuwa mdogo na bado ukawa mgumu kwa namna yenye faida. Chukua uzito kwenye springi kwa njia ya Euler ya kawaida: kila hatua inazidisha nishati kwa 1 + ω²h², h ikiwa urefu wa hatua ya wakati na ω kasi ya mtetemo. Ukiwa na ωh = 0.1, hatua 100 tu, kabla ya mizunguko miwili kwisha, zimekuza nishati karibu mara 2.7. Njia ya chura-kuruka, inayopishanisha mahali na mwendo kwa nusu hatua, huacha nishati ikiyumba kidogo bila kupanda. Njia ya Runge-Kutta ya mpangilio wa nne ina jaribio lake: ukikata hatua nusu, kosa lishuke mara 16 hivi. Likishuka mara mbili tu, programu yako ina hitilafu, na mara nyingi ni wakati ambao haukusogezwa kwenye hatua za katikati. Modeli ya Ising ya vipimo viwili, gridi ya sumaku ndogo zinazoelekea juu au chini, kwa Monte Carlo (sampuli za bahati nasibu) ni mradi mwingine mzuri, kwa kuwa halijoto yake ya mpito inajulikana kwa uhakika tangu kazi ya Onsager ya mwaka 1944: kT/J = 2.269, J ikiwa nguvu ya muungano wa jirani. Una shabaha. Watu hukosea kwa kuzichukulia sampuli zinazofuatana kana kwamba hazijuani. Karibu na mpito zinafanana kwa muda mrefu, na makosa yanayoripotiwa huwa madogo kuliko yalivyo.

Maabara nayo: uhai wa muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, ni mikrosekunde 2.197. Ukihesabu matukio 10,000, kosa la kuhesabu ni √N, yaani 100, asilimia moja. Usipoondoa matukio ya bahati yaliyotandaa sawasawa kwenye grafu, uhai utatoka mrefu. Ukipata mfupi kidogo kuliko kitabu, usiukarabati: muoni hasi hunaswa na viini vya atomu za kigunduzi na kutoweka mapema, na ripoti inayosema hivyo ni bora kuliko iliyolazimisha 2.197.

Kukosa tasnifu kunaonekana siku ya kuomba shahada ya uzamivu. Ulaya sehemu nyingi zinadai uzamili kwanza na hutazama utafiti uliofanywa. Marekani mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia moja kwa moja, lakini barua tatu za mapendekezo zinabaki na uzito mkubwa. Profesa aliyekufundisha pamoja na wengine 40 ataandika kwamba ulipata alama nzuri, jambo ambalo nakala ya matokeo imekwisha kulisema. Barua yenye nguvu hutoka kwa mtu aliyekuona ukikwama na kujikwamua. Ndiyo sababu mradi mfupi ufanywe na mtu unayetaka akuandikie, uanze muhula wa pili badala ya wa mwisho, na ripoti yake iwe kurasa 15 hadi 20 zilizoandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ya hisabati, pamoja na programu ya kompyuta inayoendeshwa na mtu mwingine bila kukupigia simu. Anayelenga kufundisha, fizikia ya hospitali au kazi za data hana haja ya kuumiza kichwa hivyo kuhusu barua, ingawa ile programu inayoendeshwa itamfaa kuliko alama yoyote ya elektrodinamiki.

Barua iombwe wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho. Uliza kama anaweza kuandika barua nzuri, kisha nyamaza asikie swali. Akisita, shukuru na umwendee mwingine. Akikubali, mpelekee faili moja: nakala ya matokeo, ripoti ya mradi, orodha ya vyuo na tarehe zake kwa mfuatano, na nusu ukurasa unaomkumbusha ni swali gani mlihangaika nalo pamoja na lilitatulikaje. Wiki moja kabla ya tarehe ya kwanza, mkumbushe kwa mistari miwili.